Namna ya kumuuliza waziri swali la haki au afya akakosa pa kukwepea

Saa tatu asubuhi imepita kidogo, Dodoma. Mbunge anasimama na kusema: "Mheshimiwa Spika, naomba swali langu lipatiwe majibu." Swali lenyewe ni hili: "Je, ni lini Serikali itamaliza tatizo la upungufu wa dawa katika zahanati za jimbo langu?" Naibu Waziri anasoma kurasa mbili alizoandaliwa na wataalamu wa wizara, anamalizia kwamba Serikali itaendelea kuboresha huduma kadri fedha zitakavyopatikana, anaketi. Kusubiri zamu kote kumeishia hapo. Mgonjwa kule jimboni bado anaandikiwa karatasi akanunue dawa kwenye duka lililo mbele ya zahanati.

Lawama ya kwanza mimi huiweka kwenye swali. "Ni lini" hujibika bila mtu yeyote wizarani kufungua faili. "Serikali ina mpango gani" ni hivyo hivyo, kwa sababu mpango haukosekani kamwe. Nimefanya kazi ya kuandaa maswali kwa mbunge wa upinzani, na mengi ya mwanzo yalikufa kifo hicho hicho. Nawaandikia wanaoifanya kazi hiyo sasa: wabunge, wasaidizi wao, vijana wa sera ndani ya vyama, na hata wanaoifuatilia Serikali wakiwa nje ya ukumbi, kama ACT Wazalendo walivyounda Baraza Kivuli la Mawaziri kuzifuatilia wizara bila kusubiri kupata viti vingi Bungeni.

Kwa nini haki na afya kwa pamoja? Katiba yetu ya 1977, ibara ya 14, inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka katika jamii hifadhi ya maisha yake. Lakini habari ya msaada wakati wa maradhi imewekwa kwenye ibara ya 11, katika sehemu ambayo ibara ya 7 inasema haiwezi kudaiwa mahakamani. Wenzetu wa Kenya wana ibara ya 43 ya Katiba ya 2010, inayotaja haki ya afya waziwazi na kukataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na wanaweza kuipeleka kwa jaji. Mtanzania aliyekosa huduma ana mlango mmoja mkubwa, nao ni ibara ya 63 inayompa mbunge mamlaka ya kumuuliza waziri yeyote swali lolote la mambo ya umma lililo katika wajibu wake. Mlango ukiwa mmoja, anayeupita kwa niaba ya watu inambidi ajiandae.

Mfano nitakaoutumia hadi mwisho ni PF3, ile fomu ya polisi anayotakiwa kuwa nayo aliyepigwa, aliyechomwa kisu, aliyebakwa au aliyegongwa na gari. Inatolewa kituo cha polisi, inajazwa na daktari, inarudi polisi, na mwisho inafika mahakamani kuwa kielelezo. Karatasi moja inapita kwa mawaziri watatu. Ndiyo maana kila mmoja wao anaweza kusema jambo hilo si lake.

Hatua ya kwanza: kiandike kisa siku ile ile

Mama mmoja alikuja ofisini kwetu jimboni na mwanawe aliyekuwa amefungwa bandeji kuanzia bega hadi kiwiko. Kijana alichomwa kisu usiku akitoka kazini. Walipofika hospitali waliambiwa watangulie polisi wakachukue PF3. Polisi waliwaambia fomu zimekwisha, wakatoe kopi. Saa nane za usiku, duka gani la steshenari liko wazi? Mama aligonga dirisha la mwenye duka nyumbani kwake, akamwamsha, akapata kopi moja kwa shilingi mia mbili. Muda wote huo kijana alikuwa kwenye bodaboda, damu ikimchuruzika.

Kisa cha namna hii kinamchoma mtu, na kishawishi cha kwanza ni kukipeleka Bungeni kama kilivyo. Usifanye hivyo. Kwanza kiandike kwa mpangilio wa saa: walifika saa ngapi, nani aliwaambia nini, walisubiri dakika ngapi, walilipa kiasi gani, na karatasi zipi wamebaki nazo. Andika siku ile ile, kwa maana baada ya wiki mbili kumbukumbu huanza kupanga upya saa zenyewe.

Pili, omba ruhusa, na uieleze kwa Kiswahili cha nyumbani. Ibara ya 100 ya Katiba inamlinda mbunge kwa anayoyasema ndani ya Bunge. Haimlindi yule mama. Kesho yake atarudi kwenye hospitali ile ile na kituo kile kile, na mbunge atakuwa yuko Dodoma. Mwambie hivyo kabla hajakubali. Akisita, ondoa jina, mtaa na chochote kinachomtambulisha, ubaki na tarehe, saa na mtiririko wa mambo. Kwa mwathirika wa ubakaji hata tarehe naiondoa. Mji mdogo unajua.

Tatu, hakikisha kisa hicho si cha pekee. Nenda kijiwe cha bodaboda, hao ndio wanaobeba majeruhi usiku. Zungumza na muuguzi wa zamu, afisa ustawi wa jamii, mtendaji wa kata. Visa vinne au vitano vyenye tarehe vinakutosha. Kimoja peke yake waziri atakiita tukio la bahati mbaya, ataahidi kulifuatilia, na hapo umefungiwa mlango kwa adabu.

Hatua ya pili: jua mpira uko mguuni kwa nani

Hapa ndipo maswali mengi mazuri hupotelea. Zahanati, vituo vya afya na hospitali za halmashauri zinasimamiwa na TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Hospitali za rufaa za mikoa, za kanda na ya taifa ziko Wizara ya Afya, pamoja na Bohari ya Dawa, yaani MSD. Ukimuuliza Waziri wa Afya kwa nini zahanati ya kijijini haina mkunga, atakujibu kwa upole kuhusu miongozo ya kitaifa, na mkunga atabaki hayupo.

Kwenye haki mgawanyo una mtego zaidi. Polisi na Magereza wako Wizara ya Mambo ya Ndani. Ofisi ya Taifa ya Mashtaka na msaada wa kisheria viko Katiba na Sheria. Mahakama ni mhimili unaojitegemea, waziri hamuamuru hakimu, na ukiuliza kana kwamba anamuamuru utajibiwa kwa somo la mgawanyo wa madaraka. Uliza yale ambayo Serikali inayashika kweli: fedha, majengo, watumishi, upelelezi, na sheria inayoweza kuletwa kurekebishwa.

Zanzibar ina Baraza la Wawakilishi, na afya si jambo la Muungano. Swali la hospitali ya Pemba lipelekwe kule.

Kwa PF3, basi, unahitaji maswali matatu kwa wizara tatu. Ukiyabana ndani ya swali moja, kila waziri atajibu kipande chepesi na kumwachia mwenzake kilichobaki. Kama una nafasi moja tu katika mkutano huu wa Bunge, chagua kipande chenye karatasi. Nitaeleza maana ya karatasi mbele kidogo.

Hatua ya tatu: tafuta jibu kabla hujauliza

Swali la bungeni si la mtu asiyejua. Unauliza ili Serikali iseme kwa kinywa chake, mbele ya Spika, jambo ambalo wewe tayari umelishika mkononi. Ukiingia hujui, jibu lolote litakupita.

Anza na hotuba ya bajeti ya wizara, hasa majedwali ya mwisho yasiyosomwa na wengi. Fungu 52 ni Wizara ya Afya. Fungu 56 ni TAMISEMI, 28 ni Jeshi la Polisi, 29 ni Magereza, 35 ni Ofisi ya Taifa ya Mashtaka, 40 ni Mfuko wa Mahakama, 41 ni Katiba na Sheria. Katika kila fungu tafuta namba mbili: fedha zilizoidhinishwa na fedha zilizotolewa. Pengo kati ya hizo mbili ndilo swali. Waziri hupenda kusema ya kwanza, na hospitali huendeshwa kwa ya pili.

Kisha ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu, ambayo hufikishwa kwa Rais kabla ya Machi kuisha na kuwekwa mezani Bungeni Aprili. Tafuta halmashauri yako kwa jina. Baada ya hapo Hansard za nyuma, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge. Kama swali lako lilikwishaulizwa, na mara nyingi liliulizwa, chapa jibu la wakati ule. Hakuna chombo chenye makali kuliko ahadi ya waziri aliyetangulia.

Wasaidizi wengi huikwepa sheria yenyewe kwa kudhani ni kazi ya mawakili. Isome. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, kwa namba za toleo la 2019, kifungu cha 225 kinaweka siku 60 kuwa ukomo wa kawaida wa kuendelea kuahirisha kesi katika mahakama za chini, na kinaruhusu muda kuongezwa kwa hati maalumu. Badala ya kulalamika kwamba kesi zinachelewa, uliza: hati ngapi za kuongeza muda ziliwasilishwa mkoani kwangu mwaka jana, na mahabusu wangapi walikuwa ndani kwa hati hizo? Hicho ni kitu kinachohesabika. Kifungu cha 240 kinagusa PF3 moja kwa moja: ripoti ya daktari ikipokelewa mahakamani, mshtakiwa lazima aelezwe kwamba ana haki ya kuomba daktari aliyeiandika aitwe kuhojiwa. Mahakama ya Rufani imeziondoa PF3 nyingi kwenye kumbukumbu za kesi kwa sababu mshtakiwa hakuelezwa haki hiyo. Binti amepita polisi, amepita hospitali, amevumilia kila swali, halafu fomu yake inatupwa kwa kosa ambalo si lake. (Angalizo: Toleo la Marejeo la 2023 limepanga upya namba za vifungu vingi. Hakiki namba kabla hujaisoma kwa sauti, kwa sababu ukikosea namba moja, mjadala wote utahamia kwenye kosa lako.)

Kwa takwimu za afya, jua kila namba imepimwaje. Utafiti wa kitaifa wa 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, kutoka 556 katika utafiti wa 2015 na 2016. Waziri ataitaja namba hiyo, naye ana haki ya kuitaja. Usiibishie kwa hasira. Ipokee, halafu uliza jambo ambalo utafiti ule haukuundwa kulijibu: katika hospitali ya wilaya yangu, kamati ya mapitio ya vifo vya uzazi ilikaa mara ngapi mwaka huu, ilijadili vifo vingapi, na vingapi kati yake vilitokana na kukosa damu au gari la wagonjwa? Vivyo hivyo ukiambiwa asilimia ya upatikanaji wa dawa. Dawa kuwepo ghalani MSD si sawa na dawa kuwepo kwenye rafu ya zahanati. Uliza zahanati ngapi, dawa zipi, na siku ngapi katika mwezi.

Kuna pia Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016. Andika barua rasmi kwa mamlaka husika, tunza nakala yenye muhuri wa kupokelewa. Wasipojibu, barua hiyo yenyewe ni kielelezo.

Hatua ya nne: andika swali la msingi, kisha likate

Kanuni za Kudumu zinataka swali liwe fupi, lisiwe hotuba, lisibebe tuhuma wala dhana, na lisiguse shauri lililo mahakamani. Hilo la mwisho ndilo huwaponza wengi kwenye maswali ya haki. "Kwa nini fulani ananyimwa dhamana?" litakataliwa pale pale Ofisi ya Katibu wa Bunge. "Ni mahabusu wangapi wamekaa zaidi ya mwaka mmoja kwa makosa yasiyo na dhamana wakati upelelezi haujakamilika, kwa kila gereza la mkoa?" litapita, na fulani yumo ndani ya namba hiyo.

Rasimu yetu ya kwanza ya PF3 ilikuwa hivi: "Je, Serikali haioni kuwa umefika wakati wa kuondoa usumbufu wa PF3 kwa majeruhi wanaopoteza maisha?" Ilijaa hisia na haikushika kitu. Jibu lake linajulikana: Serikali inaliona, inaendelea kulifanyia kazi.

Rasimu ya pili iliomba idadi ya fomu zilizochapishwa na kugawiwa vituo vya polisi vya wilaya yetu. Nzuri kidogo. Lakini waziri angetaja namba kubwa na kukaa, nasi tungekuwa tumempa nafasi ya kujisifu.

Ya tatu ndiyo iliyokwenda, kwa Waziri wa Afya:

"Je, ni waraka upi, wa tarehe ipi, unaomwelekeza mtoa huduma kumtibu majeruhi wa dharura kabla ya kupata PF3, na ni hatua gani zimechukuliwa kwa waliokiuka waraka huo?"

Angalia kilichobadilika. Viongozi wa Serikali wamesema mara kadhaa kwamba majeruhi wa dharura atibiwe kwanza, fomu ifuate. Maneno hayo muuguzi wa zamu ya usiku hawezi kuyaonyesha kwa mtu. Swali linadai karatasi yenye namba na tarehe. Karatasi ipo au haipo, na hakuna fedha zinazohitaji kupatikana kwanza ili kulijibu. Hiyo ndiyo maana ya kipande chenye karatasi niliyoitaja juu.

Kwa Katiba na Sheria tuliandaa jingine la akiba: Ofisi ya Taifa ya Mashtaka inalipa posho na nauli za madaktari wanaoitwa kutoa ushahidi kutoka kasma ipi, yaani kifungu kipi cha bajeti, na katika mwaka uliopita kiasi gani kilitolewa? Tulikuwa tumesikia kwa zaidi ya daktari mmoja kwamba alijilipia nauli kwenda kutoa ushahidi. Atakwenda mara ya kwanza, na ya pili. Ya tatu atatuma udhuru.

Ukimaliza kuandika, soma swali kwa sauti na ujiulize kama linaweza kujibiwa kwa sentensi ambayo ingefaa pia kwa jimbo jingine lolote. Kama ndiyo, rudi mezani.

Hatua ya tano: maswali mawili ya nyongeza

Muulizaji anaruhusiwa maswali mawili ya nyongeza, na mimi naamini kazi yote ya mwanzo hufanywa kwa ajili ya hayo mawili. Swali la msingi waziri analijua kwa majuma. La nyongeza halijui.

Wabunge wengi huyatupa. Wanasimama na kuuliza barabara, au kumwomba waziri "awe tayari kuongozana nami jimboni". Waziri yuko tayari, siku zote yuko tayari, na ukumbi unapiga makofi. Kwa kuwa nyongeza inapaswa kutokana na jibu, andaa matawi kabla hujaingia. Kwa PF3 tulikuwa na matatu kwenye karatasi moja.

Akisema waraka upo: je, yuko tayari kuuweka mezani, na kuelekeza ubandikwe mapokezi katika kila kituo cha Serikali ili mgonjwa mwenyewe ausome?

Akisema mwongozo unaandaliwa: je, tangu sasa hadi utakapokamilika, majeruhi anayefika usiku wa leo bila fomu atibiwe au asitibiwe? Hapa unataka neno moja. Likitoka "atibiwe", limeingia kwenye Hansard.

Akisema tatizo halipo: hapo ndipo kisa chenye saa kinapotoka. Kwa sentensi mbili, bila jina, bila kupaza sauti. "Saa nane usiku, mama alimwamsha mwenye duka ili atoe kopi ya fomu ya Serikali, mwanawe akivuja damu. Je, Waziri anamwambia nini muuguzi aliyemrudisha?"

Jambo dogo la lugha, ila mimi nalishikilia. Kuna mazoea ya kuanza nyongeza kwa "pamoja na majibu mazuri ya Naibu Waziri". Kama majibu si mazuri, usiseme ni mazuri. Mshukuru kwa kujibu, inatosha, na heshima yako haitapungua. Mama akisikia redioni mbunge wake akisifu jibu tupu, ataamini mmekubaliana.

Na usifanye kazi hii peke yako. Katika Bunge lililochaguliwa 2020 viti vya upinzani vilikuwa vichache mno, hata swali zuri likakosa wa kulishika mkono. Wabunge wengine nao huweza kupewa nyongeza kwa ridhaa ya Spika. Zungumza siku moja kabla na mbunge wa CCM wa jimbo jirani, au wa viti maalum mwenye uchungu na afya ya uzazi, umpe takwimu zako bila masharti. Nimeona swali lililoandaliwa upinzani likimaliziwa na mbunge wa chama tawala kwa ukali kuliko wetu. Majeruhi haulizwi kadi ya chama.

Hatua ya sita: ukiwa ukumbini

Beba kila karatasi. Ukitamka jambo zito unaweza kuambiwa uthibitishe au ufute kauli. Agosti 2007 Zitto Kabwe, akiwa mbunge wa upinzani wa Kigoma Kaskazini, alisimamishwa na Bunge kuhusu hoja yake juu ya mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Baadaye mwaka huo huo Rais aliunda kamati ya Jaji Mark Bomani kuangalia sekta ya madini, naye akawamo. Hoja inaweza kuwa na uzito nchi nzima na bado maneno yaliyotumika kuisema yakakugharimu miezi ya vikao. Pima kila kitenzi. "Fedha hazikutolewa" ni tofauti sana na "fedha zimeibwa".

Watakaosimama kutoa taarifa au kuomba mwongozo wakati unaongea mara nyingine wanataka tu dakika zako ziishe. Ipokee au ikatae taarifa kwa sentensi moja, uendelee pale pale ulipokuwa. Na ukitoka nje ukakutana na kamera, kumbuka kwamba kinga ya ukumbini umeiacha mlangoni. Rudia yale yaliyo kwenye Hansard, usiongeze chumvi.

Alhamisi kuna maswali kwa Waziri Mkuu, ya papo kwa papo, na yanatakiwa yawe ya kisera. PF3 inafaa sana hapo, kwa sababu Waziri Mkuu ndiye anayeweza kuwakalisha mawaziri watatu meza moja.

Hatua ya saba: bajeti, na ile shilingi

Swali likijibiwa hewa, subiri Bunge la Bajeti. Wizara inapofika kupitishiwa fungu kwa fungu, mbunge anaweza kusimama kwenye mshahara wa waziri, kueleza jambo moja la kisera, na kutamka kwamba asiporidhika atatoa shilingi, yaani atapendekeza mshahara huo upunguzwe kwa shilingi moja. Hoja ikiungwa mkono inajadiliwa. Kwa idadi ya kura utashindwa, hilo lijue mapema, lakini utakuwa umepata kitu ambacho kipindi cha maswali hakikupi: waziri anasimama mwenyewe, na wabunge wa pande zote wanachangia jambo lako wakitaja majimbo yao.

Jiandikishe mapema, uwe wa kwanza au wa pili. Muda ukiisha gilotini inapita, mafungu yanapitishwa mfululizo bila mjadala, na shilingi yako inabaki mfukoni. Shika jambo moja tu. Wanaoshika matatu hujibiwa lile dogo.

Jambo jingine linalofaa kwa shilingi ni mapendekezo ya Tume ya Haki Jinai iliyoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, iliyokabidhi taarifa yake kwa Rais 2023. Usiulize utekelezaji "umefikia wapi" kwa jumla. Chagua pendekezo moja, lisome kwa maneno yake, uliza muswada wake au kasma yake.

Na bima ya afya kwa wote. Sheria ilipitishwa na Bunge Novemba 2023. Hapo swali la fedha ni halali kabisa: chanzo gani, kimeingiza shilingi ngapi, na kaya ngapi zisizo na uwezo tayari zina kadi mkononi. Azimio la Abuja la 2001, ambalo nchi za Afrika ziliahidi asilimia 15 ya bajeti kwa afya, litaje kama kipimo ulichokokotoa mwenyewe kutoka vitabu vya bajeti, ukionyesha namna ulivyokokotoa.

Hatua ya nane: daftari la ahadi

Jibu likishatoka, kazi ya msaidizi ndiyo kwanza inaanza. Chapa ukurasa wa Hansard. Kwenye daftari andika: tarehe, waziri, maneno yenyewe ya ahadi, muda uliotajwa, na nani jimboni atakayeona kama imetimia. Safu hiyo ya mwisho ndiyo muhimu, na awe mtu halisi. Kwa PF3, safu yetu ilikuwa na waendesha bodaboda wawili na muuguzi mmoja. Tuliwapigia kila mwisho wa mwezi na swali moja tu: mwezi huu kuna aliyerudishwa?

Ukurasa ule tulimpelekea yule mama. Aliusoma mara mbili, akaukunja, akaniuliza kama anaweza kuuonyesha hospitali siku nyingine ikitokea. Nilimwambia anaweza, ni maneno ya waziri, na nilimtolea kopi kumi awape majirani. Nakala nyingine tuliipeleka kwa mganga mfawidhi na mkuu wa kituo, kwa barua, ikasainiwa kupokelewa.

Mikutano miwili ya Bunge ikipita bila mabadiliko, swali linarudi, na safari hii linaanza na tarehe: "Kwa kuwa tarehe fulani, katika Bunge hili, Waziri wa Afya alisema majeruhi atatibiwa kwanza, na kwa kuwa tangu siku hiyo majeruhi wanne katika wilaya yangu wamerudishwa, Je,..."